Magunzi ya Bibi

Jirani yangu hupikia magunzi. Gesi ikimwishia, au akigombana na mumewe, huenda kwenye jiko lake la matofali nyuma ya nyumba, akalijaza magunzi makavu ya mahindi, na moshi wake huja moja kwa moja dirishani kwangu. Sijawahi kumlalamikia. Nikisikia harufu ile nafunga dirisha, nakaa kitandani, na papo hapo nina miaka minane tena katika kota za reli pale Tabora, nimesimama ukumbini miguu ikiwa imelowa maji machafu, na watu wazima wote wananitazama mimi wakingoja niseme neno.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi choo cha kuvuta kilivyokuwa jambo kubwa siku zile. Baba alikuwa karani wa reli. Uhuru ulipokuja, wageni waliokuwa wakikaa kwenye zile kota nzuri walifunga virago wakaenda zao, na taratibu nyumba zikaanza kugawiwa watu wetu. Yetu tuliipata nikiwa nimeshaanza shule. Ilikuwa na sakafu nyekundu, baraza mbele, ukumbi mrefu nyuma, na mwisho wa ukumbi ule, mkabala na jiko, palikuwa na choo cha kuchuchumaa chenye tangi juu ukutani na mnyororo wenye kishikio cha mti. Watu walikuja kukiangalia. Baba aliwasimamisha mlangoni, akavuta, maji yakanguruma, naye akasema, "Ukishavuta hivi, kwisha habari yake. Huulizi kimekwenda wapi." Mama alikisugua kila asubuhi kwa majivu na kipande cha gunia, na alitukataza kutumbukiza humo kitu chochote zaidi ya maji na vile vipande vya gazeti alivyovitundika kwenye msumari.

Mimi nilijua kilikokwenda. Bibi, mama yake baba, alikuwa amenieleza kwamba kila kitu kinachoondoka Unyamwezi kinakwenda pwani. Baba yake yeye alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani kwa miguu na pembe begani, akarudi, akaenda tena, na bega lake lilikuwa na sugu ngumu ambayo Bibi alipokuwa mdogo alipenda kuigusagusa. Baadaye ikaja reli, nayo ikachukua nta na karanga na vijana, vyote kwa njia ile ile. Basi nikajumlisha mwenyewe kwamba bomba la choo chetu limelala chini ya reli, na kwamba kinachovutwa Tabora kinatokea baharini Dar es Salaam. Niliwahi kumwambia hivyo mwalimu wangu, akacheka mpaka akafuta machozi, lakini hakunisahihisha.

Bibi alikuja kwetu mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kaya yake ilikuwa nje kidogo ya Kigwa, imezungukwa na mashamba yake mwenyewe, jinsi watu wa kwao walivyokaa siku zote. Wakaja watu na lori. Wakatoa vyombo nje, wakaling'oa paa, wakampeleka kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba, mistari imenyooka vizuri na nyumba haipo. Aliambiwa wanakijiji watamjengea kwa zamu. Zamu yake ikachelewa, kwa kuwa alikuwa mjane na hakuwa na kijana wa kumsimamia shauri lake. Baba akaenda kumchukua, akasema atakaa nasi mpaka nyumba iishe na mvua zipite. "Ni miezi michache tu," nilimsikia akimwambia Mama. Mama akajibu, "Mimi nimesema nini?" Na kweli hakuwa amesema kitu, ila tangu siku hiyo alianza kutua sufuria kwa kishindo.

Mimi nilitaka Bibi asiondoke kamwe. Sikuwa na dada wala kaka, na kota ile ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Tulilala kitanda kimoja. Alinukia ugoro na samli, na akigeuka usiku aliniburuta na kunigeuza kama vile mimi ni sehemu ya shuka. Sikuwahi kupendwa namna ile kabla yake, na nasema hivi nikijua kwamba Mama yangu, Mungu amrehemu, alinipenda.

Choo kile Bibi hakukitumia hata siku moja. Kwao mama mkwe na mkamwana hawaingii choo kimoja, ni aibu kubwa, hata kulitaja jambo lenyewe mbele ya mwenzio ni utovu wa adabu. Alfajiri, kabla Mama hajaamka, aliniamsha, tukavuka reli, tukaingia vichakani upande wa pili, kila mtu na kichaka chake. Alikwenda na magunzi. Aliyachagua mwenyewe, makavu na laini, akayafunga mafungu kwa kamba za magome ya mti, akayaweka kwenye kikapu kidogo chini ya kitanda chetu. Hivyo ndivyo alivyojisafisha tangu utotoni, na gazeti aliliogopa kwa sababu lina picha za watu.

"Mayu," aliniambia asubuhi moja tukirudi, akiniita mama kwa Kinyamwezi kama kawaida yake, "nyumba ya mwanangu ni nzuri, sikatai. Lakini haina pa kwenda mkwe."

Mama alikiona kikapu siku anafagia chumba. Angeweza kumuuliza Bibi mwenyewe, lakini mambo ya chooni mkamwana hamuulizi mkwewe, basi akaniuliza mimi. Nilimwambia magunzi ni ya Bibi. Uso wake ukakunjamana, akatazama upande wa choo chake alichokuwa akikisugua kila siku, na akaondoka bila kuniuliza Bibi huyatumia wapi. Angeuliza ningemwambia. Na mimi, mjinga wa miaka minane, nilidhani anajua.

Kisha ikaja habari ya mgeni. Baba alikuwa anautafuta uhamisho wa Dar es Salaam kufa na kupona, na bwana mkubwa mmoja wa kazini kwao, mwenye sauti katika mambo hayo, alikuwa anapita Tabora pamoja na mkewe. Baba akawakaribisha chakula cha mchana. Wiki nzima nyumba haikukalika. Kuta zilipakwa chokaa, glasi zikaazimwa kwa jirani, na Baba alifanya mazoezi ya kucheka. Asubuhi ya siku yenyewe Mama aliniita jikoni, mikono yake imejaa manyoya ya kuku.

"Roza, wageni wanafika saa sita. Nikiyaona yale magunzi ndani ya nyumba hii leo, Bibi yako anarudi Kigwa. Nenda kamwambie."

Sikwenda kumwambia. Maneno yale hayakuwa ya kumwambia mtu unayelala naye kitanda kimoja. Nilikaa chumbani nikikitazama kikapu, nikiona paa lililong'olewa na kile kiwanja chenye kamba. Nikaamua kwamba yakiondoka magunzi, Bibi atabaki. Jikoni nisingeweza kuyachoma kwa sababu Mama alikuwa pale. Shimo la taka lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Kuvuka reli nilikatazwa, nilikuwa nimeshavalishwa gauni la kanisani. Ndipo nikakumbuka choo, na Baba akisema huulizi kimekwenda wapi.

Nilijifungia nikayafungua mafungu. Gunzi la kwanza lilizama vizuri, na la pili, na la tatu. Nilingoja tangi lijae, nikavuta tena. Ya katikati yalikuwa makaidi kidogo, nikayasukuma kwa mpini wa fagio. Kufikia ya mwisho maji yalipanda, yakasimama, kisha yakashuka polepole sana, nami nikaona ni foleni tu ya kwenda pwani. Nilitoka nimejaa furaha. Kikapu kitupu nikakijazia madaftari yangu, nikakirudisha chini ya kitanda.

Wageni walifika na gari. Bwana mkubwa alikuwa mnene na mwenye heshima zake, mkewe amevaa viatu vyeupe. Mama alikuwa amenituma nimwambie Bibi apumzike chumbani, na huo ujumbe niliufikisha, kwa kuwa haukusikika mbaya. Bibi alitabasamu, akavaa kanga zake mpya, akatoka. Mwanawe amepata wageni, yeye ndiye mama, angewezaje kutowasalimu? Alipiga goti kidogo, akawasalimu kwa Kinyamwezi. "Mwadila, baba. Mwadila, mayu." Yule mama wa Dar akacheka kwa kutojua ajibu nini.

"Huyu ni bibi wa watoto," Baba akasema.

Hakusema, "Ni mama yangu." Watoto wenyewe nilikuwa mimi peke yangu. Bibi alimtazama mwanawe kidogo, kisha akaenda kukaa mkekani, pembeni, mikono mapajani.

Walikula wali na kuku, Baba akacheka kile kicheko chake cha mazoezi, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Bwana mkubwa alishasema mara mbili kwamba Dar wanahitaji makarani wa namna ya Baba. Kisha mkewe akaniinamia, akaniomba nimwonyeshe pa kujisaidia. Nilimpeleka kwa fahari, nikasimama nje kumlinda. Nikasikia mnyororo, nikasikia maji yakinguruma, halafu nikasikia ukelele. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, naye akatoka ameshikilia sketi yake juu, na maji yakamfuata. Yalikuja na kila kilichokuwamo. Yalitambaa ukumbi mzima juu ya ile sakafu nyekundu, yakafika kizingiti cha sebule, na juu yake lilielea gunzi moja, likizunguka taratibu, mpaka likakwama kwenye mguu wa kiti cha bwana mkubwa.

Wageni walitoka barazani. Aliyeinuka kwanza ni Bibi. Alikunja kanga hadi magotini, akachukua fagio na majivu ya jikoni, akaanza kuyasukuma maji yale kuelekea uani, akiwa ameinama, bila kumtazama mtu. Alifagia uchafu wa nyumba ambayo hakuwahi kujisaidia ndani yake. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na fagio, wote walimtazama yeye.

"Vyoo hivi vinataka watu waliovizoea," bwana mkubwa akasema kutoka barazani. Alikuwa mpole aliposema hivyo, alitaka kumsaidia Baba.

Baba aliliokota lile gunzi. Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Nilijua." Baba akanigeukia. Mshipi wake wa suruali ulikuwa usawa wa macho yangu.

"Roza, wewe ndiye unayefuatana naye kila mahali. Bibi anatupa magunzi chooni?"

Naomba mnielewe, ingawa mimi mwenyewe sijajielewa mpaka leo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kitoto. Mimi nikikiri, nitachapwa mbele ya wageni. Bibi ni mtu mzima, na mtu mzima hachapwi. Kosa likiwa lake halitamuuma mtu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Bibi aliacha kufagia. Alinitazama, akatazama gauni langu la kanisani lililolowa chini, akatazama mikono yangu. Aliniona. Mpaka leo najua kwamba aliniona mpaka ndani.

"Ni mimi, baba," akamwambia mwanawe. "Uzee huu. Sikujua."

Fundi bomba alikuja kesho yake, mzee mmoja wa mjini, mswalihina, aliyevua kofia alipomwona Bibi. "Shikamoo, mama," akasema. "Marahaba, baba," Bibi akaitika, na nadhani ndiye mtu pekee aliyemwamkia nyumbani kwetu wiki ile. Fundi alikunja mikono ya kanzu, akaingiza waya mrefu, akayavuta magunzi moja moja na kuyapanga sakafuni. Alipofika la nne au la tano aliliinua, akaligeuza mwangani.

"Bwana karani," alisema, "haya magunzi mbona—"

"Fundi, wewe zibua," Baba akamkata.

Fundi akamtazama Baba, akaangalia chini, akazibua. Sikuelewa alitaka kusema nini. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jiko, nikiomba tu asije akaniona.

Siku mbili baadaye Bibi alipandishwa gari moshi, daraja la tatu, na mzigo wake na debe la unga. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Baba alisema kijiji kimeahidi kumharakishia nyumba. Pale stesheni nilimshika kanga nikalia, nikataka kusema, na mdomo ukagoma. Bibi alininyanyua uso kwa vidole viwili. "Nyamaza, mayu. Kusema sasa kutakuumiza wewe tu." Kisha akapanda, akakaa upande wa pili wa behewa, kule ambako hakuna baraza la stesheni, ili asituone.

Mvua zile alizimaliza katika kibanda cha nyasi kilichokuwa kikivuja kila kona. Hakufa, msidhani hivyo. Aliishi miaka mingine mingi, na hakukanyaga tena nyumbani kwetu, hata alipougua na kuletwa hospitali Tabora alilala kwa watu wa kanisani kwake. Tulipokwenda kumtembelea alituchinjia kuku na kututandikia mkeka mpya, akamhudumia Baba kwa mikono miwili, akimwita "mgeni". Mara moja Baba aliinuka akawa anaangaza macho huku na huku uani. Bibi akamwonyesha kwa kidevu. "Kiko kule nyuma ya mihogo. Hakizibi." Akarudi kuchambua mboga zake. Wanawake waliokuwa pale walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Uhamisho wa Dar haukuja. Baba alipelekwa Tura, kwenye stesheni ndogo, na huko tulichimba choo chetu wenyewe.

Nilibeba jambo lile zaidi ya miaka thelathini. Nililibeba nikasoma nalo, nikaolewa nalo, nikazaa. Nilipokuwa na wageni nyumbani nilikwenda chooni kukagua mara tatu, nne, watu wakanicheka wakidhani ni usafi. Bibi alifariki sijamwambia kitu. Mama naye akafuata. Baba akaja kukaa kwangu, macho yake yamefifia, na alasiri moja tukiwa wawili tu uani, mimi nikichagua mchele, nilimwambia. Nilimwambia yote, kikapu, gauni, foleni ya kwenda pwani. Nililia kama nilivyopaswa kulia pale stesheni. Nilingoja anitukane, au anisamehe.

"Nilijua," akasema.

Nikadhani hajanisikia vizuri.

"Siku ile ile nilijua. Mama yangu hakuingia choo kile hata mara moja, mimi ni mwanawe, ningekosaje kujua? Na magunzi yalikuwa meupe, hayajatumika. Fundi mwenyewe aliona."

Nilimuuliza kwa nini, basi. Alipapasa kishikio cha fimbo yake.

"Mama yako alikuwa amechoka. Na mimi nilikuwa namwonea haya mbele za watu. Sikuwa na la kumwambia ili aondoke." Akainua uso upande niliokuwapo, kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. "Usijilaumu, mwanangu. Wewe ulinipa sababu tu."

Niliinuka nikampelekea maji ya kuoga bafuni kama kila siku, nikamshika mkono nikamwingiza, nikafunga mlango, nikarudi kwenye mchele wangu. Haukupita muda akaniita. Maji yalikuwa ya moto, alitaka nimwongezee ya baridi. Nilimsikia vizuri. Aliita mara ya pili, akagonga mlango kwa fimbo, nami nilikuwa bado natoa chuya, moja moja, naziweka pembeni. Alipoita mara ya tatu aliniita mama, na hapo ndipo nikainuka.